Ukurasa wa Watoto Katika Pasipoti Yangu

Barua ya mume wangu ilifika Amu asubuhi, na kabla ya adhuhuri mtaa mzima ulikuwa umekwisha kuamua kwamba sihitaji pasipoti.

Alikuwa Jidda mwaka wa pili, akishona kanzu katika duka la Mhadhrami mmoja. Aliandika kwamba amepata vyumba viwili juu ya duka, kwamba anatutaka mimi na mtoto, na kwamba nafasi zetu amekwisha kuzilipia katika meli itakayotoka Mombasa baada ya Maulidi. Mwisho kabisa, chini ya salamu za watu wasiokwisha, aliongeza mstari mmoja: usije bila pasipoti, na mtoto aandikwe ndani yake, siku hizi wanarudisha watu.

Barua hiyo nilimsomea mavyaa wangu, yaani mama yake mume wangu, ambaye nilikuwa nikikaa kwake. Nilisoma kwa sauti kwa sababu yeye hakusoma ila Kurani. Dirisha la barazani lilikuwa wazi. Basi, habari zikatoka.

"Pasi ya nini?" Huyo ni ami yake mume wangu, aliyekuja kunywa kahawa akabaki kutoa fatwa. "Mimi nimekwenda Jidda. Nimekwenda Makalla, nimekwenda Basra. Hakuna aliyeniuliza karatasi. Waliniuliza nimechukua nini."

"Wakati huo ulikuwa wa Mwingereza, ami," nikamwambia. "Sasa tuna serikali yetu."

"Ndilo ninalosema. Serikali yetu wenyewe ituulize sisi ni nani? Haitujui?"

Jirani yetu, mwanamke wa makamo ambaye hajapata kuvuka hata kwenda Mkowe hapo ng'ambo, naye alikuwa na lake. "Mwanamke pasi yake ni mumewe. Atakungoja bandarini aseme huyu wangu, yamekwisha."

"Na mtoto?"

"Mtoto ni mzigo wa mkono. Mzigo wa mkono hauandikwi."

Walicheka. Mavyaa wangu alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Nami nilicheka, Mungu anisamehe. Kisha mavyaa akasema, huku akimtazama mtoto aliyekuwa akivuta nyuzi za mkeka, "Mdogo huyu, baharini siku zote hizo." Alisema mara moja tu, hakurudia. Nimeyafikiria maneno hayo mara nyingi kuliko alivyoyasema.

Mimi ndiye niliyekuwa nimesoma. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu ndilo lililoniponza. Nilizaliwa Siyu, nikapelekwa Mombasa kwa mama mdogo, nikasoma hadi kidato cha pili, nikaja kuolewa Amu. Katika nyumba ile mimi ndiye niliyesoma barua, gazeti likipatikana, na maandishi ya chupa za dawa. Kwa hiyo nilijua kwamba ami anasema upuuzi, na nikaamua kwamba mambo ya safari hii nitayafanya kama yanavyotakiwa kufanywa. Ningekuwa mjinga kidogo tu, leo ningekuwa Jidda na mwanangu.

Nilikwenda ofisi ya serikali mbele ya bahari. Afisa wa hati alikuwa kijana wa bara, Mkristo, mwenye kalamu mbili mfukoni na shati lililopigwa pasi vizuri. Ningependa kuandika kwamba alikuwa mtu mbaya. Hakuwa. Alinipa kiti, akanipa fomu, na aliponiona naijaza mwenyewe bila ya kuuliza neno, akafurahi kama mwalimu.

"Cheti chako cha kuzaliwa kiko wapi, Mama?"

"Sina. Nilizaliwa Siyu, juu ya mkeka, mbele ya mkunga."

"Si kitu. Wengi wa huku hawana. Leta barua ya chifu na cheti cha shule. Na barua ya bwana wako kwamba amekuruhusu, na karatasi ya kadhi ya ndoa."

"Vyote ninavyo."

"Mtoto je? Na yeye hana?"

"Anacho," nikasema. Nilisema kwa majivuno, naikumbuka sauti yangu mwenyewe. "Mtoto wangu ana cheti cha serikali."

"Wewe ni wa kwanza kuniambia hivyo tangu nije huku," akasema. "Basi kilete, kazi itakuwa rahisi."

Sasa habari ya cheti hicho. Mwanangu alipozaliwa, nilikuwa ndani katika arubaini yangu, nikikandwa maji ya moto na kufukizwa udi, na mwanamke aliye katika arubaini hatoki nje ya mlango hata nyumba ikiungua paa. Ndani ya siku hizo zahanati ilitangaza kwamba watoto wachanga wapelekwe kuchanjwa ndui, na kwamba karani wa vizazi atakuwapo na kitabu chake. Mavyaa akamfunga mtoto katika kanga akampeleka. Alirudi naye akilia, mkono umevimba, na karatasi imekunjwa. Karatasi akaitia katika kasha lake, pamoja na hati ya nyumba na sanda yake aliyoletewa kutoka Makka.

Kasha la mavyaa haliombwi kitu. Mke wa mwana hangoji kufundishwa hilo. Unasubiri uonyeshwe, na kama huonyeshwi, si lako. Kwa hiyo kwa miaka miwili na nusu mimi, msomi wa nyumba, niliyesoma mpaka maandishi ya masanduku ya chai, sikupata kuisoma karatasi ya mwanangu mwenyewe.

Kesho yake, cheti kilipotakiwa ofisini, mavyaa alifungua kasha kwa ufunguo aliokuwa ameufunga pembeni mwa kanga, akanipa cheti kikiwa katika kitambaa chake. Nilikichukua kama kilivyo. Kutoka nyumbani mpaka ofisini ni mwendo wa kumaliza tasbihi moja. Ningeweza kusimama penye kona yoyote nikakifungua. Sikukifungua. Nilimbeba mtoto kiunoni, nikashika kitambaa mkononi, nikaenda zangu kama bibi harusi.

Afisa alikikunjua, akasoma. Akaitazama fomu yangu. Akanitazama mimi.

"Jina lako ni hili la kwenye fomu?"

"Ndilo."

"Na huyu ni nani?"

Akaigeuza karatasi upande wangu. Hati ilikuwa nzuri, ya kalamu ya wino, herufi zimelala upande mmoja. Jina la baba: mume wangu. Jina la mama: mavyaa wangu, yeye na baba yake na babu yake, hakuna herufi iliyokosewa.

"Huyu ni mama yake mume wangu," nikasema.

Alitaka kucheka, akajizuia. "Si mke mkubwa?"

"Bwana, nimekwambia ni mama yake. Amemzaa."

"Mama, mimi sikuandika. Mimi nasoma tu. Na hapa inasema bwana huyu na bibi huyu wamezaa mtoto huyu." Akaweka kidole kwenye jina moja, kisha jingine. "Jina lako humu halimo."

Nikafikiri haraka. Nikamwambia, "Basi andika kwamba hana cheti. Kama mimi. Nitaleta barua ya chifu."

"Ungesema hivyo jana."

"Nasema leo."

"Leo nimekiona," akasema, na alikuwa na huzuni ya kweli usoni. "Na nikifungua kile kitabu kikubwa, kimeandikwa vilevile. Mama, mimi nakuamini. Lakini fomu haina pahali pa kuandika kwamba nakuamini."

Mimi niliyezaliwa bila ya karatasi, serikali ilikuwa tayari kunipa pasipoti. Mwanangu aliyekuwa nayo alikuwa amenyimwa mama.

Nilirudi nyumbani miguu ikitangulia. Mavyaa alikuwa akichagua mchele. Nikakaa chini, nikajilazimisha kusema polepole.

"Mama, siku ile ya chanjo, karani alikuuliza nini?"

"Aliniuliza mtoto huyu wa nani."

"Ukamjibu?"

"Wangu. Ulitaka niseme wa nani, wa jirani?"

Na kusema kweli hakuna bibi wa Amu ambaye angejibu vingine. Mtoto wa kwanza ni wa bibi. Hulala kitanda cha bibi, hula mkononi mwa bibi, humwita bibi Mama. Mimi mwenyewe nililelewa hivyo. Mwanangu alimwita mavyaa Mama, na mimi aliniita Dada, kama walivyoniita wadogo zake mume wangu, na sikuwahi kuona ubaya. Nilijua nani kamzaa. Kila mtu alijua. Ni jambo la kujua, si la kuandika.

"Na jina la mama mtu, aliuliza?"

"Aliniuliza jina langu, nikampa. Mtu akikuuliza jina lako utamnyima?"

"Na la baba?"

"Nikampa la mwanangu. Baba yake si yeye?"

Nikafungua karatasi nikamsomea. Baba, fulani. Mama, fulani. Hakuelewa mara moja. Nikasoma tena. Mkono wake ukasimama ndani ya ungo, akavuta kanga akafunika mdomo.

"Ifunge," akasema. "Ni nani mwingine aliyeisoma?"

"Afisa. Alidhani wewe ni mke mwenzangu."

"Astaghfirullah. Wameniozesha mwanangu wa kuzaa."

Siku nyingine ningecheka mpaka nikaanguka. Sijui hata leo kama alijua alilolifanya, kama pale kwenye meza ya karani moyo wake ulimwambia sema wangu, aandike, iwe. Nimemtazama mara nyingi kutafuta jibu. Uso wake ni uso tu.

Afisa alikuwa amenieleza dawa ya jambo lile. Kitabu hurekebishwa kwa kiapo. Mkunga aape kwamba mtoto nimemzaa mimi, au bibi aliyeandikwa aape kwamba hakumzaa yeye. Nilimuuliza, na mimi je, kiapo changu? Akasema, "Chako hakifai. Wewe ndiwe unayetaka." Mkunga wangu alikuwa mtu wa Mbwajumali, na alikuwa amefariki Ramadhani iliyopita. Akabaki mavyaa peke yake.

Nilitarajia akatae. Hakukataa. "Nitakwenda," akasema. "Nitamwambia kwa kinywa changu. Aibu hii siilali." Akaoga, akavaa buibui jipya, akajifukiza udi kama anakwenda kuposa. Maishani mwake alikuwa hajapata kukanyaga ofisi ya serikali. Tukaenda watatu, mtoto katikati, mkono wake katika mkono wa mavyaa.

Na alisema vizuri, sikufichi. Alikaa kitako akamweleza afisa tangu uchungu uliponishika: kwamba yeye ndiye aliyenishika mgongo, kwamba mkunga alipokea, kwamba mtoto alitangulia kupiga chafya kabla ya kulia, na kwamba kitovu kimezikwa uani chini ya mkomamanga na anaweza kwenda kumwonyesha pahali. Afisa aliweka kalamu chini akasikiliza. Karani mmoja nyuma aliacha kupiga taipu. Mimi nilikuwa nahesabu moyoni siku zilizobaki mpaka Maulidi, na kwa mara ya kwanza zilitosha.

"Vizuri sana, Mama," afisa akasema. "Sasa tuape, yaishe."

Akavuta mtoto wa meza. Ndani yake, kando ya mihuri na sahani ya wino, mlikuwa na Msahafu umefungwa kitambaa cha kijani. Akautoa kwa mkono mmoja.

Mavyaa akainuka. "Bwana, una udhu?"

"Nini, Mama?"

"Kitabu hicho. Umekishika hivyo tu."

Afisa akakiweka mezani haraka kama kimemchoma. Akaomba radhi. "Lakini si mimi nitakayekishika, ni wewe. Useme tu kwamba wallahi hukumzaa mtoto huyu. Maneno hayo basi."

"Mimi sili yamini."

Afisa akanitazama. Mimi nikatazama sakafu, kwa sababu nilijua. Nilikuwa nimejua tangu nyumbani, nikajifanya sijui. Mtu mzima wa kwetu hali yamini, hata kwa kweli tupu. Baba yake mavyaa alinyang'anywa shamba huko Pate, akaambiwa aape kwamba ni lake arudishiwe, akaliacha shamba likaenda. Watu wanamsifu mpaka leo. Na yamini inayohusu mtoto ni mbaya zaidi ya zote, kwa kuwa husimama juu ya kichwa cha mtoto.

"Lakini uliyosema ni kweli?" afisa akauliza.

"Ni kweli."

"Basi kuapia kweli kuna kosa gani?"

"Ikiwa umeamini ni kweli, wataka yamini ya nini?"

Karani wa nyuma akakohoa. Afisa akajifuta uso, kisha, nadhani kwa kutaka kusaidia, akainama kwa mtoto. "Wewe, mrembo. Mama yako ni nani?"

Mwanangu akajificha ndani ya buibui la mavyaa.

"Na huyu hapa?"

"Dada," akasema, kwa sauti iliyosikika mpaka mlangoni.

Sijapata kuona joto kama lile lililonipanda masikioni. Nilimgeukia mavyaa. Nikamwambia, "Mama, nakuomba. Ni neno moja. Baba yake anatungoja, meli haitungoji."

Hakukasirika. Ingekuwa rahisi kwangu kama angekasirika. Alinijibu kwa sauti ya chini, kwa maneno ya kwetu ambayo yule afisa asingeyafuata. "Nambia nishike, nitashika. Na kesho mwana huyu akishikwa na homa, utanitazama na mato gani? Nami nitakutazama na mato gani?"

Nilisoma habari ya homa shuleni. Nilimchora mbu mzima na miguu yake yote sita, nikapata alama zote. Najua homa inatoka wapi. Nilifungua kinywa niseme, shika, Mama, shika, na macho yangu yakaangukia kichwa cha mwanangu, nywele zimesukwa mafungu matatu asubuhi ileile, ngozi nyeupe katikati ya mafungu. Mavyaa akangoja. Alingoja kweli, hakujifanya. Aliniachia mimi.

Sikusema.

Nikiwatukana wote, na nimewatukana, yule karani wa vizazi asiyeuliza mara mbili, ami na fatwa zake, serikali inayotaka Msahafu na kuuweka pamoja na mihuri, hatimaye narudi pale. Kinywa wazi, hakitoki kitu. Kidato cha pili chote kilinikimbia nikabaki mtu wa Siyu.

Afisa aliurudisha Msahafu, mara hii kwa ncha za vidole na kitambaa. "Mkibadili fikira, mimi nipo," akasema.

Nilimwandikia mume wangu kila kitu. Nilidhani atamwandikia mama yake, yeye ni mwanawe, amwambie aape, au aseme yeye mwenyewe ataapa mbele ya watu wa huko. Alijibu ukurasa mmoja. Usimlazimishe mama, ameandika. Njoo wewe kwanza, mtoto atafuata. Atafuata na nani, hakuandika. Barua hiyo sikuisoma kwa sauti.

Pasipoti yangu ilifika kutoka Nairobi wiki mbili kabla ya meli, mapema kuliko alivyotuahidi yeyote. Afisa alinikabidhi kwa mikono miwili. Picha yangu ilikuwamo, kichwa wazi, masikio nje, nimeukunjia ulimwengu uso. Mbele kidogo kuna ukurasa wa watoto. Umepigwa mistari ya jina, tarehe ya kuzaliwa, wa kiume au wa kike. Mistari imenyooka, haina kitu.

"Sasa unaweza kwenda popote, Mama," akasema.

"Popote," nikamwambia.

Siku ya meli nilikuwa uani nikiosha nguo za mtoto. Ami alipita kunywa kahawa yake. Aliniona, akaniuliza kama si leo ndiyo leo, nikamwambia ndiyo leo. Akakaa, akavuta funda moja. "Si nilisema pasi haina kazi?"

Nilikamua shati mpaka likalia.

Alipoondoka mavyaa akaja akasimama karibu yangu. Alikuwa amepungua siku zile, hakula vizuri, na mimi sikumwonea huruma na nilimwonea huruma. "Kitabu chako kile," akasema. "Usikiwate chini ya mto. Mende watakila. Nipa nikutilie kashani."

Ningeweza kusema la. Ni jina langu, ni uso wangu, serikali imenipa mimi. Nilijipangusa mikono, nikaingia ndani, nikaichukua, nikampa. Akaifunga katika kitambaa kilekile pamoja na kile cheti, akaiweka juu ya sanda, akafunga kasha.

"Dada," mwanangu akaita kutoka uani. "Nataka mai."

Nikaenda kumchotea.

Imepita miaka miwili sasa. Ufunguo uko palepale, pembeni mwa kanga yake. Sijauomba.